Sawa ya Baba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo mkono wa kulia wa baba umepewa jina. Mgeni. Unalala kwetu, unavalishwa, unapakwa mafuta, na kazi haufanyi tangu Novemba. Nimemuuliza baba, huyu mgeni wako ataondoka lini? Amecheka. Anacheka na upande mmoja wa uso, lakini kicheko chenyewe ni kile cha zamani, cha kutoka tumboni.

Jirani yetu Mzee Mbugua alikuwa hapo, ndiyo amemaliza kumwogesha. Hiyo kazi mimi siwezi. Msichana wa Kikamba hamwogeshi baba yake, hata kama mmebaki wawili tu na mama yuko kaburini mwaka wa sita. Baba angekufa kwanza. Kwa hivyo kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Mbugua anavuka barabara na taulo begani. Aliendesha lori miaka thelathini na anamwosha baba kama lori. Mimi niko jikoni nasikia: haya boneti, haya taa za nyuma, geuka tuone tairi. Halafu sauti ya baba: sawa.

Nimechelewa shule tena. Watoto wangu wa chekechea, PP1, walikuwa wameanza kulishana chaki.

Alhamisi, 6 Februari

Amebaki na neno hilo moja. Sawa. Stroke ilibeba yote ikaacha hilo. Mtu aliyeongoza kwaya miaka ishirini na mbili! Uji wa moto — sawa. Uji wa baridi — sawa. Hata kichwa chake hakiaminiki, kinaitikia ndiyo hata kwa kile ambacho mkono wa kushoto unakisukuma mbali. Daktari alisema maneno bado yako ndani, njia ndiyo imefungwa. Kuandika alijaribu na kushoto, ikatoka mistari kama ya watoto wangu, akaitupa kalamu chini ya kabati. Sijaitoa huko.

Kwa hivyo tunacheza. Afadhali kucheza kuliko kuangaliana. Mchezo tunauita Sawa, na ni rahisi: unamuuliza jambo la kipumbavu ukiwa na uso wa kikao cha wazee. Anayecheka kwanza anaosha vyombo. Leo nimemuuliza kama nimletee mke wa Kiserian mwenye mbuzi hamsini. Sawa. Mbugua akauliza kama anaweza kuchukua redio aende nayo. Sawa. Na suruali? Sawa. Baba mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka kwa kucheka. Mbugua ameosha vyombo.

Nikienda kulala sicheki hivyo. Lakini jioni ilikuwa nzuri na sitaki kuiharibu kwa kuandika mengine.

Jumapili, 9 Februari

Anko Mutinda amekuja kutoka Makueni na mfuko wa mbaazi mbichi na kuku aliyefungwa miguu. Ndiye mdogo wa baba, na hawakuzaliwa wengine. Ananiita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yao, Ndunge. Baba pia alikuwa ananiita hivyo. Naimiss kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumiss neno.

Tulikula vizuri. Baada ya chakula Mbugua akaanzisha Sawa, kumwonyesha anko. Kila mtu akauliza lake. Zamu yangu ilipofika nikavaa uso wa kikao nikasema, Baba Ndunge, tuuze hii ploti ya Kitengela twende zetu Makueni? Sawa! Mbugua alipiga meza mpaka chumvi ikamwagika. Na mimi nilicheka, nilishindwa.

Anko hakucheka. Alivuta kiti akamsogelea baba akamuuliza tena polepole, tena kwa Kiswahili ili sisi wote tusikie, kama ni kweli amekubali kurudi nyumbani. Sawa, baba akasema. Anko akatoa leso akajipangusa macho. Nilifikiri ni uchungu tu wa kumwona ndugu yake hivyo. Nikampa chai zaidi.

Jumanne, 18 Februari

Nitaandika kidogo.

Nimetoka shule nikakuta kidole gumba cha baba kina wino. Cha kushoto. Zambarau mpaka kwa kucha. Mbugua alikuwa ameenda kliniki, hakuna aliyekuwa na baba ila anko, ambaye alikuwa ameniambia anapitia tu kumsalimia.

Anko hakuficha kitu. Alinipigia mwenyewe, sauti ya furaha! Amepata mnunuzi — Kinyanjui, yule wa nyasi za ng'ombe ambaye boma lake limepakana na letu. Makubaliano yamewekwa kidole. Watamjengea baba nyumba ndogo Makueni karibu na ya anko, kuna vijana wa ukoo wa kumwogesha, kuna shangazi, kuna kivuli. Bodi ya ardhi inakaa Kajiado tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Huko mwenye shamba anaulizwa ajibu kwa mdomo wake. Akikubali, imeisha.

Nikamwambia, Anko, baba husema sawa kwa kila kitu.

Akanijibu: "Mwaitu, wewe ndiye ulimuuliza. Mimi nilikuwa nimekaa hapo."

Jumatano, 19 Februari

Nimeenda kwa Kinyanjui kabla ya shule. Nilikuwa nimejipanga kugombana, na yeye akanivutia kiti. Si mtu mbaya, na hilo limeniudhi zaidi. Anasema siku ile alikuja na anko akamuuliza baba mara tatu, na katikati ya hizo mara alimwacha apumzike. Mara tatu sawa. Anasema Kajiado wakimuuliza na akatae, yeye atarudi kwa nyasi zake na tutaendelea kusalimiana. Akikubali, basi pia nisimwekee kinyongo.

Nimesema nimesikia. Sikusema sawa. Siwezi kulitamka hilo neno leo.

Jumamosi, 22 Februari

Siku nne hatujacheza. Nyumba imekufa ganzi. Mgeni anaitwa mkono wa kulia tena. Namlisha baba, nampangusa, naenda. Ananiangalia sana. Mbugua ameuliza nani amefariki.

Ni mimi niliuliza. Hilo halinitoki. Watu wengine huuza shamba kwa ulevi, mimi nimeuza kwa mzaha.

Mchana nilikuwa natayarisha wimbo wa kunawa mikono wa PP1. Nimetunga mwenyewe, hauna maana kubwa. Nilikuwa naimba huku nafua, nikiacha neno la mwisho jinsi ninavyowaachia watoto walimalizie. Nikitoka choo nanawa — nikaacha. Kabla sijala nanawa —

"Mikono."

Nilidhani ni redio.

Nikaimba tena. Nikaacha tena. Na baba, amekaa pale kwa kiti chake cha plastiki, mdomo umepinda, akaweka neno mahali pake, kwa sauti ya wimbo, tena kwa noti sawasawa: mikono! Nilimwaga beseni lote. Nimemkumbatia na sabuni hadi kwa masikio. Mbugua aliposikia kelele akaruka ua akidhani baba ameanguka.

Miezi mitatu. Neno la pili.

Jumatano, 5 Machi

Sasa katika nyumba hii hakuna kuongea, ni kuimba tu. Nikimwanzishia, anamaliza. Asipoanzishiwa, hakuna kitu, ni sawa tu na ukimya. Yule dada anayemfanyisha baba mazoezi kliniki amesema ndiyo, hutokea, wimbo hupitia njia nyingine kichwani. Angeniambia mapema! Lakini nimemsamehe, yuko na wagonjwa arubaini na kiti kimoja.

Tuna wimbo wa uji (chumvi ama sukari — sukari). Wimbo wa kutembea hadi geti, huo ni wa gwaride, na mimi ndiye bendi, napiga sufuria. Mbugua ametunga wake wa bafuni, siwezi kuuandika hapa. Baba amepata maneno kumi na tisa. Anakosoa! Jana nilianza chini sana akainua mkono wa kushoto kama zamani mbele ya sauti ya kwanza na ya pili, kunisimamisha, nianze tena juu. Sijawahi kufurahia kukosolewa hivyo.

Na ule mwingine pia tumeutunga. Wa Kajiado.

Shamba hili la nani? — Langu.
Utaliuza lini? — Siuzi.

Leo ameuimba mara sita bila kukosea. Siuzi, anaivuta mwishoni kama bezi wa harusi. Nimelala nikitabasamu mara ya kwanza mwaka huu. Nitalala, yaani. Nimechoka, naandika ovyo.

Ijumaa, 14 Machi

Anko amekuja. Nilimwambia aje asikie.

Nilimkalisha, nikamwanzishia baba ule wa uji. Anko aliposikia sauti ya ndugu yake inaimba sukari, akaanguka kwa magoti pale pale kwa simiti, akashika mguu wa baba. Wamekaa hivyo muda. Baba anampapasa kichwa kwa mkono mzuri. Mimi nimetoka nje kuwaachia.

Niliporudi ndipo nikaanzisha ule wa shamba. Langu. Siuzi. Wazi kabisa. Nikamgeukia anko nikiwa nimeshinda.

Anko amesimama akajipangusa magoti. Hakupaza sauti. "Huu umemfundisha wewe," amesema. "Ungemfundisha nauza, angeimba nauza."

Nikamjibu vibaya. Nimemwambia yeye alichukua kidole cha mtu asiyeweza kusema hapana. Nimemwambia anataka ndugu yake karibu ili ajisikie vizuri. Nimemwambia mambo ambayo mtoto hamwambii baba yake mdogo. Ameondoka bila kumaliza chai. Hata kuku wa safari hii alimwacha amefungwa mlangoni.

Nilipofika hapa nilikuwa nataka kuweka kalamu chini. Lakini kuna kitu nimefanya baada ya anko kuenda na nitakiandika, kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nimeanza wimbo ule ule. Shamba hili la nani? Langu. Utaliuza lini? — halafu badala ya kuacha nikaimba mwenyewe, kesho. Nikarudia. Utaliuza lini? Na baba, kwa uso ule ule wa furaha, noti ile ile: kesho.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Nimemwambia Mbugua ni kichwa.

Jumapili, 23 Machi

Mbugua anahama. Si leo, lakini ni kabla ya Juni. Watoto wake wako Kware kule Rongai, wanamtaka karibu, na magoti yake yamekataa. Ameniambia huku anakamua taulo, hakutaka kuniangalia. Amesema atatafuta kijana wa kumwogesha baba. Nimesema asijali. Anko aliniuliza hilo swali tangu Februari, nani atamwosha baba siku Mbugua akihama, na nilimwona mchokozi.

Sasa nikae nijiambie ukweli. Ploti hii nimezaliwa hapa. Udongo mweusi unaonata kwa viatu, tangi linalovuja, mbuzi wa Wamaasai wanaokula sukuma yangu kila kiangazi — ndiyo kwetu. Makueni mimi ni mgeni wa Krismasi. Kikamba changu wanakicheka. Baba akienda huko, mimi nabaki Kitengela na chumba cha kupanga, miaka ishirini na saba, bila mtu wa kuniuliza kama nimekula. Hiyo ndiyo naogopa. Nimekuwa nikisema siuzi, siuzi, na sijui ni nani alikuwa anasema.

Na baba je? Alikuja hapa kijana, akachimba msingi wa nyumba hii mwenyewe. Mama amezikwa Makueni. Ndugu yake yuko huko. Anaweza kutaka hapa. Anaweza kutaka kule. Hakuna mtu amemuuliza kwa njia ambayo anaweza kujibu. Anko aliuliza kwa maneno. Mimi nimeuliza kwa wimbo ambao jibu niliweka mimi.

Kesho nitajaribu kuacha nafasi tupu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemtengenezea wimbo mpya wenye jina lake, bila jibu. Sijamwimbia mwisho wake hata mara moja, kwa uaminifu wote. Mwanzia anataka kukaa — halafu nikanyamaza. Tulikuwa nje, jua limeshuka kidogo, Mbugua ameenda kwake.

Alisubiri nimpe. Nikatikisa kichwa, nikaimba tena, nikaacha. Mdomo ukafunguka. Hakuna. Mara ya tatu akafunga macho, mishipa ya shingo ikasimama, niliona kabisa kuna kitu ndani kinasukuma mlango. Nikaona aibu kumtazama, nikaangalia kuku. Hakuna.

Mwishowe akachukua mkono wangu akauweka juu ya Mgeni. Akasema sawa. Ilikuwa ya kunibembeleza! Yeye ndiye ananibembeleza. Nimecheka na kulia pamoja, yeye pia, tumekaa hapo kama wendawazimu wawili hadi mbu wakatufukuza.

Sitamwimbisha ule wa siuzi Kajiado. Ama nitamwimbisha? Nikinyamaza atasema sawa, imeisha. Nikianza ataimba nilichomfundisha, na hiyo pia si yake. Sijui. Mungu nisaidie, sijui kabisa.

Jumatano, 26 Machi

Kajiado. Naandika nikiwa kwa benchi la korido, kwa daftari la kuchora la PP1, ndilo nilipata kwa mkoba. Nikikaa bila kuandika nitabomoka.

Tulifika saa mbili. Mbugua aliazima pickup ya jirani, baba amekaa mbele na tai yake ya kwaya. Anko na Kinyanjui walikuwa wamefika. Tumesalimiana. Korido imejaa, wazee wa Kimaasai na bahasha zao chini ya shuka. Mmoja alimsalimia baba, sopa, baba akajibu sawa, mzee akaridhika akamsogezea nafasi.

Tuliitwa saa nne na nusu. Mwenyekiti ni mama wa makamo, miwani kwa kamba, anaongea polepole. Alisoma jina, namba ya ploti, akamuuliza Kinyanjui yake, akaja kwa baba. Mzee Mwanzia, umekubali kumuuzia huyu shamba lako?

Sawa.

Karani akainamisha kichwa kuandika. Nikainua mkono kama mtoto darasani. Nimeeleza yote: stroke, neno moja, nyimbo. Mama akaweka kalamu chini akasema haya, muimbishe tusikie.

Nikaanza. Shamba hili la nani? Langu, baba akaimba, na chumba chote kikageuka. Mmoja wa wajumbe alitabasamu. Lilikuwa limebaki swali moja tu. Nilikuwa nimeshashinda, niliona kwa uso wa Kinyanjui, alikuwa tayari anakunja karatasi zake.

Nikashindwa. Nikanyamaza hapo. Nimewaambia huo wimbo nimemfundisha mimi, na hata nikimwambia kesho anaimba kesho. Nimesema sijui anataka nini. Nimesema anko wangu pia hajui. 

Anko alikuwa ameinamisha kichwa. 

Mama mwenyekiti ametutoa wote. Mnunuzi, ndugu, binti, wote nje. Amesema atakaa na mzee na wajumbe wake, na hana haraka. Nikamwambia baba hawezi kuanza bila kuanzishiwa, hajawahi hata siku moja. Akasema amesikia.

Kwa hivyo tuko hapa. Kinyanjui ameenda kununua maji. Anko amekaa kando yangu, kofia kwa magoti. Dakika kumi na tano. Ndani nasikia sauti ya mama, swali, ukimya. Swali, ukimya. Hata sawa sisikii. Nimemwambia anko samahani kwa yale ya siku ile. Ameitikia kwa kichwa. Amesema hata yeye, kile kidole, angengoja nirudi kutoka shule. 

Dakika ishirini.

Kuna kitu.

Ni baba. Anaimba. Hakuna aliyemwanzishia, na si wimbo wangu wowote! Ni wa polepole, unapanda kidogo unashuka. Siujui. Wazee wote wa korido wamegeuza shingo.

Anko amesimama. Halafu amekaa. Anasema huo ni wa mwaitu, mama yao, aliuimba akichimba mitaro shambani, yeye na baba wakiwa nyuma yake wanabeba mawe. Anasema miaka hamsini imepita hajausikia. Nimebeba jina la nyanya yangu miaka yote na huu wimbo sijawahi kuusikia hata mara moja. Nilimtafutia baba maneno kwa Kiswahili cha PP1, na ya kwake yalikuwa kwa Kikamba. Sikufikiria. Kwa sababu mimi mwenyewe sikiongei vizuri.

Nimeshika neno moja tu. Kwakwa. Kwangu.

Nimemuuliza anko, kwake wapi? Hapa ama kule? Anasema ubeti huo kila mtu akifika anaweka mahali pake, jina la kilima, jina la mto, pale anapopaita kwao. Mwaitu alikuwa anaweka kijiji alichozaliwa. Baba amefika hapo, anko anasema, ameweka kitu, lakini mlango ni mzito, hata yeye hakushika.

Namwangalia usoni nione kama anadanganya. Siwezi kujua.

Karani amefungua mlango. Anasema mwenyekiti anauliza, nani hapa anajua huo wimbo?

Nimemwangalia anko. Ni yeye tu, korido nzima. Yeye anayetaka ndugu yake nyumbani kuliko kitu chochote.

Amesimama, amenipa kofia yake. "Mwaitu, nitawaambia vile amesema," amesema. "Hivyo hivyo."

Nataka kumwamini. Naogopa sana, na nataka kumwamini. Nimechukua kofia. Ameingia, karani amefunga mlango.

Baba ameanza upya, kutoka mwanzo wa wimbo, na sasa kuna mtu anamwitikia.